Kutafuta kitabu na BIOS ya mazabodi ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu mazabodi (ubao mkuu unaobeba prosesa, ramu na kadi), vitabu vyake vya maelezo na BIOS yake (programu ya kuwashia iliyo ndani ya chipu ya ubao), kwa kompyuta za mezani kuanzia enzi za 486 hadi Pentium III, yaani miaka ya 1990 yote na miwili mitatu ya mbele. Mfano unaorudiwa hapa ni ASUS P2B, ubao wa mwaka 1998 wenye chipseti (chipu kuu zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) ya Intel 440BX, kwa sababu ulisambaa sana na bado unafufuliwa kila leo. Njia zenyewe zinafaa kwa ubao wowote wa rika hilo.

Nina ubao tu, hauna boksi wala kitabu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye ubao wenyewe, mtandao baadaye. Uweke penye mwanga, uondoe vumbi kwa brashi laini, kisha soma maandishi yote meupe yaliyochapwa juu yake: katikati ya soketi za kadi (PCI na ISA), pembezoni karibu na ramu, na upande wa chini pia. Unatafuta vitu viwili: jina la modeli na toleo la ubao, ambalo mara nyingi hutanguliwa na herufi REV. Piga picha pande zote mbili kabla hujafunga chochote, maana ukishaweka kadi na nyaya nusu ya maandishi hayo huyaoni tena.

Kuna maandishi yatakayokupoteza njia. Maarufu kuliko yote ni "94V-0". Watu huyatafuta mtandaoni wakidhani ni modeli, wakaletewa matokeo maelfu yasiyohusiana. Hicho ni kiwango cha ubao kutoshika moto, na utakikuta hata kwenye ubao wa redio. Namba inayoanza na E karibu na alama ya UL nayo inaonyesha kiwanda kilichotengeneza ubao mtupu, si kampuni iliyouza mazabodi. Stika ya msimbo pau kwa kawaida ni namba ya serial ya ubao huo mmoja.

Jina la modeli halipo kabisa. Nifanyeje?

Kama ubao bado unawaka, BIOS itakuambia. Kwenye skrini ya kwanza kabisa, chini kushoto, hupita mstari mrefu wa herufi na namba. Bonyeza Pause uusimamishe. Ukipita haraka mno, chomoa kibodi na uwashe tena; mashine nyingi zitalalamika kwamba hakuna kibodi na kusimama hapohapo, nawe unaandika kwa utulivu.

BIOS za Award, mmoja wa watengenezaji wa BIOS wa zama hizo, ndizo rahisi kusomeka. Mstari huanza na tarehe ya BIOS, kisha jina la chipseti, kisha fungu ambalo mara nyingi huanza na 2A. Herufi tano za mwanzo za fungu hilo zinataja chipseti: 2A59C ni Intel 430FX, 2A59F ni 430HX, 2A59G ni 430VX, 2A59I ni 430TX, na 2A69K ni 440BX. Mbili zinazofuata zinamtaja mtengenezaji: A0 ni ASUS, A1 ni Abit, G0 ni Gigabyte. Kwa hiyo fungu linaloanza 2A69KG0 ni ubao wa Gigabyte wenye 440BX. Umebaki na modeli chache za kulinganisha na picha zako. ASUS mara nyingi hawakusumbui hata hivyo. P2B huandika wazi juu ya skrini "ASUS P2B ACPI BIOS Revision" na namba ya toleo.

BIOS za AMI za zama hizo hutenganisha mstari kwa vistari, na fungu la tatu ndilo lenye namba ya mtengenezaji. Ukiona namba inayoishia 1131, ni Elitegroup, wale wanaojulikana zaidi kama ECS.

Ubao usiowaka una njia nyingine. Tafuta FCC ID, ambayo ni usajili wa Marekani, ukaiingize kwenye hifadhidata ya FCC. Angalizo: nembo ya FCC peke yake bila namba haisaidii, na ndivyo zilivyo mbao nyingi. Ikishindikana, itafute kwa sura: aina ya soketi ya prosesa, chipseti, idadi ya soketi za ISA, PCI na ramu. Hapo ndipo picha ulizopiga zinapofanya kazi.

Stika inayong'aa juu ya chipu ya BIOS si ndiyo toleo?

Hapana. Ile ya Award au AMI yenye mwaka ni stika ya leseni. Chini yake kuna chipu yenye namba yake halisi, kwa mfano 29C010 au 28F001, na hiyo ndiyo ya kuandika. Lakini kabla ya kubandua, tazama kama chipu ni ya 27C, aina yenye kidirisha cha kioo. Hiyo hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno, na stika ndiyo pazia lake. Ukiibandua, soma haraka na uifunike.

Nikishajua jina, nitafute wapi?

Kwanza tovuti ya The Retro Web. Kwa sasa hakuna mahali pengine penye mkusanyiko mzuri hivyo wa mazabodi za zamani: picha, vitabu, BIOS za matoleo mbalimbali, na unaweza kutafuta kwa chipseti, kwa soketi au kwa ule mstari wa BIOS. Ukiwa na haraka, unaweza kuishia hapo.

Kwa 486 na Pentium za mwanzo, tafuta TH99, yaani Total Hardware 1999. Ni mkusanyiko wa michoro ya mbao na majedwali ya jampa (vifuniko vidogo vya kuunganisha pini ili kupanga kasi na volti) uliobaki mtandaoni kwenye nakala kadhaa, ukiwemo ule wa stason.org. Michoro yake ni ya mistari mitupu, haina urembo, lakini kwa ubao ambao kitabu chake kimepotea mara nyingi ndiyo pekee iliyopo. Usitegemee kukuta BIOS humo.

Tovuti ya mtengenezaji ijaribu, ila usiiwekee matumaini makubwa. Abit waliacha kutengeneza mazabodi mwishoni mwa 2008 na tovuti yao ikaenda. Intel, ambao wapo na wana nguvu zao, waliondoa BIOS na draiva nyingi za bidhaa zao za zamani mwaka 2019. Hapo unakimbilia Wayback Machine ya Internet Archive: bandika anwani ya zamani ya ukurasa wa upakuaji na uchague nakala ya kati ya 1999 na 2003. Mara nyingi ukurasa utafunguka lakini faili lenyewe halikuhifadhiwa. Usikate tamaa. Nakili jina kamili la faili, litafute peke yake, kwa sababu jina lisilo la kawaida la herufi nane na nukta hupatikana kirahisi kuliko jina la ubao.

Kiungo kinaanza na ftp:// na kivinjari hakikifungui. Kimekufa?

Si lazima. Vivinjari ndivyo vilivyoacha FTP: Firefox na Chrome zote ziliiondoa mwaka 2021. Jaribu kwa programu ya FTP kama FileZilla. Seva ikiwa imezimwa kweli, Internet Archive wana nakala za seva nyingi za FTP zilizohifadhiwa nzimanzima kabla hazijazimwa.

Halafu hakikisha unapakua kwa mtindo wa binary. Mtindo wa maandishi hubadilisha alama za mwisho wa mstari ndani ya faili, na BIOS iliyoguswa hivyo haifai tena hata ikionekana kamili.

Toleo la ubao lina umuhimu gani? Si jina ni lilelile?

Hapa ndipo watu wanapoharibu vitu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua P2B. Kuna P2B tupu, P2B-F, P2B-S yenye SCSI (kiunganishi cha diski), P2B-L yenye mtandao, P2B-LS yenye vyote viwili, na P2B-D ya prosesa mbili. Chipseti ni moja, majina yanafanana, na muuzaji akikuandikia "P2B" huenda hata mkia wa jina hakuutazama. BIOS zake ni tofauti. Ya P2B-S, kwa mfano, inabeba ndani yake programu ya kidhibiti cha SCSI ambacho P2B tupu haina.

Kisha ndani ya jina moja kuna matoleo. Pentium II na Pentium III za mwanzo (Katmai) zilitumia volti 2 au zaidi. Pentium III za Coppermine zilizokuja mwishoni mwa 1999 zinataka kama volti 1.65. Virekebisha umeme vya mbao za mwanzo havikuundwa kushuka chini ya 1.8, vya matoleo ya baadaye vinashuka hadi 1.3. BIOS mpya haibadilishi jambo hilo hata chembe, kwa sababu tatizo ni chipu iliyosoldwa pembeni mwa soketi. Mtu anaweza kuflashi (kuandika BIOS mpya kwenye chipu) hadi toleo la mwisho kabisa, prosesa isiwake, akailaumu BIOS bure. Soma namba ya kirekebisha umeme, tafuta karatasi yake ya maelezo, utajua kabla hujanunua prosesa.

Je, ni lazima niweke BIOS mpya?

Mara nyingi, hapana. Mashine inawaka, inaona ramu yote, inaona diski: iache. Sababu halisi ya kuflashi huwa ni mojawapo ya mbili, prosesa mpya zaidi au diski kubwa zaidi.

Upande wa diski, mipaka inajulikana. BIOS za mwanzo wa miaka ya 1990 hukwama kwenye MB 528 hivi. Zinazofuata hukwama kwenye GB 2.1, halafu GB 8.4. BIOS nyingi za Award za kabla ya katikati ya 1999 huganda zikikutana na diski inayozidi GB 33.8, na hapo mashine huonekana imekufa kumbe inahesabu vibaya tu. Mwisho kuna mpaka wa GB 137.

Kama diski ndiyo shida yako pekee, kuna njia isiyogusa BIOS kabisa: XTIDE Universal BIOS. Ni programu ndogo ya bure unayoichoma kwenye chipu na kuichomeka kwenye soketi ya ROM ya kadi ya zamani ya mtandao. Mashine ikiwaka inaikuta na kuitumia kusoma diski. Mimi ningeanza na hiyo kabla ya kuhatarisha chipu ya ubao.

Kwenye chipseti pameandikwa "TX Pro" au "VX Pro", na Intel hawana kitu kama hicho. Ni nini?

Umekutana na PC Chips. Kampuni hii iliuza mazabodi za bei ya chini kwa wingi katika miaka ya 1990, nyingi bila jina la mtengenezaji popote, na ilibandika majina yake mwenyewe juu ya chipseti za watu wengine yakifanana na ya Intel. "TXPro II" kwenye ubao wa M571, kwa mfano, ni SiS 5598. Draiva za Intel 430TX hazitakusaidia. Tafuta za SiS.

Kwenye 486 zao walifika mbali zaidi. Kuna mbao zenye chipu za kache (kumbukumbu ya haraka) za bandia, plastiki tupu iliyoandikwa "WRITE BACK", na BIOS iliyorekebishwa itangaze kache ambayo haipo. Programu ya DOS iitwayo CACHECHK itakuonyesha ukweli kwa kupima kasi. Ukiwa na ubao wa aina hiyo usishangae BIOS ya "ubao uleule" kutoka kwa mtu mwingine ikikupa matokeo tofauti.

Sijapata kitabu popote. Nitapangaje jampa?

Tazama kwanza ubao: mbao nyingi zina majedwali madogo yaliyochapwa juu yake ya kasi na volti. Kama hayapo, jampa za kasi ya basi unaweza kuzifuata mwenyewe. Tafuta chipu ya saa, ambayo huwa karibu na kioo cha fuwele cha 14.318 MHz, mara nyingi imeandikwa ICS mwanzoni. Karatasi yake ya maelezo inaonyesha pini FS0, FS1 na FS2 na kasi inayotokana na kila mpangilio. Umeme ukiwa umezimwa, multimita kwenye mlio itakuambia jampa ipi inaenda pini ipi.

Volti za prosesa usizikisie. Pentium MMX inataka 2.8, K6-2 nyingi zinataka 2.2, na ukimpa huyo wa pili 3.3 ya Pentium ya zamani umemuua. Weka jampa kwenye volti ya chini unayoijua, washa bila prosesa ikiwa ubao unakubali, na upime.

Nitajuaje kama faili nililopakua ni zima na ni la kweli?

Ukubwa kwanza. Chipu ya megabiti 1 inachukua baiti 131,072 kamili. Ya megabiti 2 inachukua 262,144. Faili likizidi au kupungua hata baiti moja, lina kasoro, au limefungwa ndani ya faili jingine. Vifurushi vingi vya enzi hizo ni .exe vinavyojifungua vyenyewe na havikubali kuendeshwa kwenye Windows ya biti 64. Jaribu kuvifungua kwa 7-Zip, au viendeshe ndani ya DOSBox.

Pili, fungua faili kwa programu ya kuonyesha heksa na utafute jina la ubao au ule mstari wa 2A. Kwenye BIOS ya Award sehemu kubwa imebanwa na haisomeki, lakini mstari huo kwa kawaida unaonekana wazi. Ukilingana na wa skrini yako hadi herufi za mtengenezaji na modeli, uko salama zaidi kuliko kutegemea jina la folda.

Nipe hatua za kuflashi.

Washa kwa flopi safi ya DOS, isiyo na HIMEM wala EMM386 (programu za kusimamia kumbukumbu). Weka humo programu ya kuflashi inayotoka kwa mtengenezaji: AFLASH kwa ASUS, AWDFLASH kwa Award nyingine, AMIFLASH kwa AMI. Kama flopi ni shida kupatikana, na siku hizi ni shida kweli, kifaa cha Gotek kinachosoma flashi ya USB hukaa mahali pa flopi na ubao haujui tofauti.

Kitu cha kwanza ni kuhifadhi BIOS iliyopo. Chagua kuhifadhi, ipe jina, toka, nenda kaitazame ukubwa wake kwenye mashine nyingine. Usidanganyike na njia ya kunakili kumbukumbu kwa DEBUG. Inakupa KB 64 zilizokwisha kufunguliwa, si picha kamili ya chipu. Baada ya hapo ndipo uandike mpya. Umeme wa nyumbani ukiwa wa kukatika, tumia UPS au usubiri siku nyingine. Baadhi ya mbao zina jampa ya kuruhusu kuandika. Chipu za 28F001 zinahitaji volti 12, na jampa ikiwa si mahali pake programu itakataa tu.

Ikimaliza, zima, futa CMOS (kumbukumbu ya mipangilio), washa, pakia mipangilio ya kawaida.

Nimeflashi vibaya, skrini ni nyeusi. Imekwisha?

Bado. BIOS nyingi zina kipande cha kuwashia kisichofutwa. Kwa Award, kipande hicho kwa kawaida kinajua flopi na kadi ya picha ya ISA tu; ndiyo maana skrini yenye kadi ya AGP inabaki nyeusi wakati taa ya flopi inawaka. Tengeneza flopi yenye AUTOEXEC.BAT inayoita AWDFLASH pamoja na faili sahihi, na uiache ifanye kazi gizani. Kwa AMI, lipe faili jina AMIBOOT.ROM, shikilia Ctrl na Home unapowasha.

Isipokubali, chipu ichomolewe ikaandikwe kwa programa (kifaa cha kuandikia chipu). TL866II Plus na T48 zinaweza chipu karibu zote za aina hii.

Nina programa ya CH341A ya bei rahisi. Haitoshi?

Haitoshi. Ile ni ya chipu ndogo za miguu minane za SPI, ambazo ziliingia kwenye mazabodi miaka ya katikati ya 2000. Mbao tunazozungumzia hapa zina chipu za miguu 32 au 28 zinazosomwa kwa njia nyingine kabisa.

Ubao umetoka kwenye Compaq, Dell au IBM. Mambo ni yaleyale?

Sivyo. Hapo usitafute jina la ubao, tafuta modeli ya kompyuta nzima au namba ya sehemu. IBM huiita FRU. Faili za Compaq ziliitwa SoftPaq, kwa mfumo wa sp na namba, na namba hiyo ndiyo ufunguo wa kuipata popote ilipobaki. Compaq za mwanzo hazina hata menyu ya BIOS ndani ya chipu: menyu ilikaa kwenye sehemu ya diski, kwa hiyo ukibadilisha diski unahitaji flopi ya mipangilio.

Na Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zina soketi ya umeme inayofanana kabisa na ATX ilhali nyaya zake zimepangwa tofauti. Kabla ya kuchomeka pawasaplai ya kawaida, linganisha rangi za nyaya. Ni kosa linalochoma ubao mara moja.

Betri imevuja. Nitafute kitabu au nishughulikie betri?

Betri kwanza, leo hii. Ile ya pipa ya volti 3.6 kwenye 386 na 486 ikivuja hula njia za shaba hata mashine ikiwa kabatini, na hewa ya pwani haisaidii. Ikate, safisha kwa siki kidogo kisha spiriti, kausha.

Kuna tovuti inayouza BIOS na vitabu hivi. Nilipe?

Jaribu njia zote zilizotangulia kwanza. Faili zenyewe bado zina hakimiliki za kampuni kama Phoenix, waliochukua Award mwaka 1998, lakini watengenezaji walizitoa bure kwa wenye mbao zao. Ukiombwa kadi ya benki kwa faili la KB 128, au ukiambiwa pakua kwanza "kisakinishi", ondoka.

Nina BIOS na kitabu ambavyo sijaviona popote mtandaoni. Nivifanyie nini?

Toa nakala ya chipu mara mbili na uzilinganishe. Zikitofautiana, safisha miguu ya chipu urudie. Skani kitabu kwa dpi 300, pamoja na jalada na ile karatasi ya marekebisho iliyochomekwa katikati, ambayo mara nyingi ndiyo yenye jampa sahihi. Piga picha ya ubao kutoka juu, toleo likisomeka. Lipe faili jina lenye modeli, toleo la ubao na tarehe ya BIOS, kisha vipeleke The Retro Web na nakala nyingine Internet Archive.